Malalamiko Dhidi ya Kigong'ota Anayejenga Mpakani Bila Kibali

Verlon McPhaul,
Barabara ya Tapentaini,
Kinlaw, Carolina ya Kaskazini.
Jumatano, Aprili.

Kwa Mkuu,
Ofisi ya Ndege Walio Hatarini Kutoweka,
Raleigh.

YAH: NDEGE WAKO ALIYEKO KWENYE MSONOBARI WANGU

Mheshimiwa Mkuu,

Pokea salamu kutoka Kinlaw. Sisi hatujambo kwa yote isipokuwa usingizi, na usingizi ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mimi ni mzee mstaafu, mlipa kodi, na shabiki wa klabu yetu ya besiboli, Vigong'ota wa Kinlaw. Tangu klabu ianzishwe sijakosa mchezo wa nyumbani, na wao hawajakosa kushindwa. Kofia ninayo. Fulana ninayo. Kikombe ninachonywea kahawa hivi sasa kina kichwa cha kigong'ota, na mdomo wake ndio mkono wa kushikia. Kwa hiyo isije ikasemwa huko Raleigh kwamba McPhaul anamchukia kigong'ota. Kigong'ota nampenda. Ninayemlalamikia ni ndege.

Nikueleze hali ilivyo. Nyuma ya nyumba yetu kuna msonobari mmoja mkongwe, uliokuwa mkongwe hata mimi nilipokuwa mtoto. Umesimama mpakani, kati ya kiwanja cha mke wangu Ernestine na kiwanja cha kaka yake, Hubert Strickland, ambao wote wawili walirithi kwa baba yao. Uwanja wa klabu uko ng'ambo ya barabara. Klabu inavitaka viwanja vyetu viwe maegesho ya magari, na rais wa klabu, Bwana Lindqvist, amesema atavichukua iwapo msonobari utakuwa umeondoka na iwapo hakuna mtu wa ofisi yako atakayekuja kumsumbua.

Sasa, huu ni mwaka wa tatu kigong'ota, yule mdogo mnayemlinda nyinyi, anatoboa tundu kwenye msonobari huo. Bado hajamaliza. Hubert, aliyesomea sheria kwenye ngazi za kanisa baada ya ibada, anasema tundu lisilokwisha si nyumba, na mti usio na nyumba unakatika. Likishakwisha, ndege akalala ndani, basi mti ni wa serikali na sisi tumekuwa wapangaji wake. Ndiyo maana anakuja Jumamosi. Aliniambia hivi: "Shemeji, Jumamosi nakuja na msumeno wangu wa injini. Wewe pika kahawa tu, halafu dada mtafutie safari ya dukani."

Nakubaliana na Hubert kwa kila neno, na nakuomba usome barua hii yote ukijua hivyo. Ila mimi ni mtu wa utaratibu. Ningependa ndege azuiwe rasmi, kwa karatasi yenye muhuri, ili mti uanguke bila lawama kwa mtu yeyote. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Anabisha hodi bila nia ya kuingia. Huanza kabla ya jua kuchomoza: ko-ko-ko, ananyamaza, ko-ko-ko tena. Mimi nimelelewa kwamba mtu akibisha hodi huitikiwa. Mwanzoni nilikuwa naamka, nakaza kamba ya suruali ya kulalia, nakwenda kufungua mlango wa mbele, naukuta ukungu. Narudi kitandani, hodi tena. Ernestine huniambia, "Lala, McPhaul, siyo wewe anayetafutwa." Jina la ukoo hunipa akiwa na hasira au usingizi. Hata Jumapili ndege huyu hapumziki. Nilipomuuliza Mchungaji Faircloth kama kiumbe kisicho na dini kinaweza kuvunja Sabato, aliniuliza mimi lini mara ya mwisho nimetoa sadaka. Sijaona uhusiano wa mambo hayo mawili.

2. Hafanani na kigong'ota. Kinyago chetu cha klabu, mtu aliyevaa vazi la ndege tunayemwita Mjomba Kong'o, ana kimo cha jokofu, kishungi chekundu cha kuonekana hata na marubani, na buti za manjano. Anacheza ngoma juu ya paa la banda la wachezaji, anarushia watoto soksi, na mwaka jana alimkumbatia mwamuzi mpaka mwamuzi akabadilisha uamuzi. Huyo ndiye kigong'ota. Sasa huyu wako, Mheshimiwa, ni wa ukubwa wa ngumi. Ana mistari myeusi na myeupe mgongoni na shavu jeupe, na wekundu wake ni kinyoya kimoja au viwili upande wa kichwa, ambavyo dume huvificha na kuvionyesha akikasirika tu. Mke wangu ameviona. Mimi bado, na si kwamba sijajaribu kumkasirisha.

Klabu ilimtuma mpiga picha aje kumpiga picha kwa ajili ya bango kubwa la barabarani. Dada wa watu alikaa chini ya mti nusu siku na kamera ndefu kama bomba la jiko. Mwisho akaniuliza, "Mzee, ni huyu tu? Mkubwa wake hayupo?" Nikamwambia huyu ndiye baba mwenye nyumba. Akafunga kamera. Bango lilipotoka, lilikuwa na ndege wa ukoo mwingine kabisa, yule mkubwa wa kwenye mabwawa mwenye kishungi. Mji mzima unapita chini yake kila siku na hakuna aliyegundua, ila Ernestine, ambaye tukifika pale hugeuza uso kama mtu aliyekutana na mdai wake kanisani. Naomba ndege wako ajirekebishe afanane na bango. Kulibadilisha bango itakuwa usumbufu.

3. Ni mzembe. Misonobari mingine anaiacha, mti mkavu ambao ungetobolewa kwa wiki mbili anaukataa, anataka huu ulio hai, mgumu, wenye moyo uliooza kidogo ndani kwa uzee. Anagonga asubuhi, anakwenda kutafuta mchwa na mende chini ya magome, anarudi, anagonga kidogo, anatazama kazi yake, anaondoka. Miaka mitatu. Katika muda huo sisi watu wa Kinlaw tumefyeka msitu, tumejenga uwanja, tumeufungua, paa limevuja, tumelitengeneza, limevuja, na tumefukuza makocha ambao majina yao sikuwahi kuyajua. Hubert anasema, "Ndege huyu lazima analipwa kwa siku."

4. Anaharibu watoto wa watu. Hili nalisema kwa uchungu. Vijana wa kiume wa ndege huyu wakishakua hawaondoki. Wanabaki nyumbani kwa wazazi wao mwaka, miaka miwili, wanasaidia kutoboa, wanawalisha wadogo zao waliozaliwa baada yao. Nimewaona kwa macho yangu: wamezaliwa kwenye tundu la zamani ng'ambo ya bwawa, na mchana wanakuja hapa kusaidia. Ni mila mbaya na haiendani na Kinlaw. Sisi hapa kijana akipata gari anakwenda Charlotte. Hata klabu yetu inajua hivyo: unajifunza kutamka jina la mrusha mpira mpya, unaanza kumpenda, unamnunulia karanga za kuchemsha, na kabla msimu haujafika katikati ameitwa na klabu ya juu au amerudishwa kwao, na namba yake mgongoni anavaa mwingine. Ndivyo mambo yanavyotakiwa kuwa. Hakuna anayeumia kwa kuwa hakuna anayezoeana.

Tangu Ernestine agundue habari hii ya vijana wa ndege, simu za Jumapili na mwanetu Dwight zimekuwa ngumu. Zamani aliuliza hali ya hewa ya Charlotte. Sasa anamwambia, "Kuna mtoto hapa nyuma ya nyumba, ndevu angekuwa nazo, na bado anamletea mama yake chakula." Dwight akauliza ni mtoto wa nani. "Wa kigong'ota," akajibu mama yake, na akamkatia simu mtoto aliyelipiwa chuo.

5. Anachafua mali. Kuzunguka lile tundu ametoboa vishimo vidogo vidogo, na kila siku anavifungua upya ili ulimbo utiririke. Mti mzima umekuwa mweupe na unanata kutoka tunduni kwenda chini. Wanasema ni kwa ajili ya nyoka, kwamba nyoka apandaye mti akiugusa ulimbo ule anateleza au anakata tamaa. Inawezekana. Lakini Hubert si nyoka. Aliegesha pikapu yake pale chini siku ya kuja kupima unene wa shina, akaingia ndani kula nyama ya nguruwe na sukuma wiki, na alipotoka kioo cha mbele kilikuwa hakionyeshi mbele. Stika ya klabu imegandiana na kifutio cha kioo. Alimtukana ndege matusi ambayo sitayaandika kwa mkuu wa ofisi, akiwa amevaa kofia yenye picha ya ndege huyohuyo, mdomo ukiwa umeelekea juu kwa ushujaa.

6. Anatumia vibaya ustaarabu wetu. Hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka tangu mwanzo.

Mheshimiwa, watu wa Kinlaw hawana tatizo na kigong'ota, mradi asikae kwao. Ilipojulikana kwamba ndege huyu hapendi mti mchanga, kwamba anangoja msonobari uzeeke ndipo aje, watu wetu walifanya jambo la busara ambalo mtu yeyote angelifanya: waliikata misonobari yao kabla haijazeeka. Akina Odom walikata. Mjane wa Tolar alikata ile ya makaburini, akaacha makaburi juani. Kanisa letu lilikata ya kwake na kutumia mbao kutengeneza ukumbi, na kwenye ukumbi huo huo, miaka baadaye, ndipo tulipokutana kuchagua jina la klabu. Tulipiga kura. Kulikuwa na jina la Farasi, kulikuwa na la Radi. Mtu akasimama akasema tuchague kitu chetu, cha mchanga huu, kisichopatikana kila mahali. Ukumbi ukapiga makofi. Kigong'ota akashinda kwa kishindo, chini ya dari ya misonobari yake.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na hotuba, bendera, na wimbo. Mjomba Kong'o alishuka kwa kamba. Ndege wenyewe hawakuonekana, na wapo waliolichukulia jambo hilo kama utovu wa shukrani. Maegesho ya kwanza tuliyaita Msituni, kwa kuwa ndipo msitu ulipokuwa.

Mimi sikukata. Usinifikirie vibaya. Kila mwaka nilipanga, na kila mwaka mgongo uliuma au Ernestine alikuwa na nguo kwenye kamba iliyofungwa kwenye shina hilo na hakutaka zishushwe. Ikawa hivyo mpaka wenzangu wote wamemaliza yao, na msonobari wetu mzee ukabaki peke yake. Basi ndege, badala ya kwenda wilaya nyingine, akautumia uchelewaji wangu. Nauliza, huo ni uungwana? Mtu akisahau kufunga mlango, unaingia na familia?

7. Takwimu zenu haziko sawa. Ofisi yako inasema ndege hawa ni wachache na ndiyo maana wanalindwa. Mheshimiwa, lini mlihesabu? Njooni mchezo wowote wa Ijumaa. Kuna kigong'ota kwenye kila kofia, kila fulana, kila kikombe cha soda, kila tishu ya kujifutia mchuzi. Wapo kwenye soksi. Daktari wa meno ameweka mmoja ukutani. Mtoto wa jirani amezaliwa mwezi uliopita na tayari anao watatu, bila kuhesabu blanketi. Kwa hesabu hiyo, Kinlaw pekee ina vigong'ota wengi kuliko watu, na wanazaliana kila Krismasi. Ndege aliye kila mahali hawezi kuwa hatarini. Naomba mhesabu wa kofia pamoja na wa miti, kisha mmtoe kwenye orodha yenu, na huyu wa kwangu aondoke kama raia wa kawaida asiye na kinga.

Kutokana na hayo yote, naomba ofisi yako ichague mojawapo: ama mmwandikie ndege asimamishe ujenzi kabla ya Jumamosi, ama mmhamishie kwenye nguzo za taa za uwanjani, ambazo ni za chuma na zitamfundisha subira ya kweli, ama mtangaze rasmi kwamba kigong'ota halisi ni Mjomba Kong'o na huyu mdogo anatumia jina lake bila idhini. Bwana Lindqvist yuko tayari kutia sahihi hilo la tatu. Nilipomgusia alisema, "Mzee McPhaul, wewe ungefaa ofisini kwetu." Sikulala kwa kufikiria maneno hayo, na sijui kama ni kwa furaha.

Kuhusu mke wangu, usiwe na wasiwasi. Hajapinga. Alimsikia Hubert akiitaja Jumamosi, na tangu hapo haendi dukani. Anakaa barazani asubuhi na shali yake, kahawa mkononi, anatazama juu. Redio ya mchezo ameizima. Nilipoiwasha alisema tu, "Nyamaza kidogo, wako kazini." Nimekaa naye siku chache ili asijisikie mpweke. Ni kwa ajili hiyo tu ninajua hayo yote niliyokuandikia.

Nawasalimu wote ofisini, wakubwa kwa wadogo, madereva, na yule anayepokea simu kwa sauti ya mafua. Ernestine angewasalimu pia kama angejua nawaandikia. Hubert anawasalimu kwa namna yake.

Wako katika kukosa usingizi,

Verlon McPhaul

Nakala: Bwana Lindqvist, Rais wa Klabu; Mchungaji Faircloth, kwa maombi; Bwana Hubert Strickland, kwa utekelezaji.

NYONGEZA

Mheshimiwa, nakala hizo usizipeleke. Hasa ya Hubert.

Bahasha ilikuwa haijafungwa leo asubuhi Ernestine aliponiita barazani. Alinyoosha kidole. Ndege alikuwa mdomoni mwa tundu. Siku zote huingiza kichwa na mabega, mkia ukabaki nje. Leo aliingia mzima, mkia nao ukaingia, na hakutoka. Tulingoja mpaka kahawa ikapoa. Kisha akageuka humo ndani, akachungulia, akatutazama sisi wawili vile mwenye nyumba anavyowatazama watu waliosimama uani kwake bila kujitambulisha. Ernestine alilia. Mimi nilijiandaa kukasirika, na badala yake nikafurahi, furaha ambayo sijaipata uwanjani tangu klabu ianzishwe, na sasa sijui niifanye nini kwa sababu barua nimeshaiandika.

Kwa hiyo malalamiko yote saba nayaondoa. La nne usilitupe, lisome kinyume.

Nimesikia kwamba watu wako wakikuta mti wenye nyumba huupaka mstari mweupe kuzunguka shina, na anayeukata baada ya hapo hujieleza mahakamani. Pia nimesikia kwamba serikali haikimbii. Nimeupaka mwenyewe, kwa rangi iliyobaki ya baraza. Mchana Hubert alipita, akauona, akauzunguka mara mbili, akaniuliza, "Hawa wamekuja lini?" Nikamjibu, "Wewe ulikuwa kazini." Hakuamini. Amesema Jumamosi atakuja hivyohivyo na msumeno, atapiga simu kwenu akiwa amesimama pale pale, na mkisema hamkuja, anawasha injini.

Basi akipiga, nakuomba useme mlikuja. Na kama ofisi yako haina desturi ya kusema uongo, njooni kweli, hata mtu mmoja, kabla ya Jumamosi. Mtaujua mti kwa huo mstari. Umepinda upande wa Hubert kwa sababu huko nilipaka huku naangalia kama pikapu yake inakuja. Unyoosheni mkitaka, lakini msiufute.